Mkeka ukitoka, Baraza halijavunjika

Mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa, ukitoka Ikulu, hasa ule wa usiku, kesho yake asubuhi vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji hapa Kigoma vina habari moja kuhusu Rais Samia: "Mama kavunja Baraza." Ukiusoma mkeka wenyewe unakuta mawaziri watatu wamehamishwa, mmoja kaachwa, manaibu wawili wameingia. Hapo hakuna Baraza lililovunjika.

Baraza la Mawaziri ndicho chombo kikuu cha kumshauri Rais. Ibara ya 54 ya Katiba ya 1977 inawataja wajumbe: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na mawaziri wote. Rais anaongoza vikao. Asipokuwepo anashika Makamu, na wote wawili wakikosekana, Waziri Mkuu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali anahudhuria na kuchangia ila hapigi kura. Mkuu wa mkoa hayumo, na katibu mkuu wa wizara hayumo. Waziri sharti awe mbunge, na Rais akimtaka mtu ambaye si mbunge, anamteua kwanza kwenye zile nafasi zake 10 za Bunge. Ndivyo walivyoingia Profesa Joyce Ndalichako na Dkt. Philip Mpango Desemba 2015, kabla hawajagombea Kasulu Mjini na Buhigwe mwaka 2020.

Sasa hilo la kuvunjika. Ibara ya 57 inataja mambo yanayoacha kiti cha waziri wazi. Mengi yanamgusa waziri mmoja mmoja: amejiuzulu, amefariki, amepoteza ubunge, Rais amefuta uteuzi wake. Lakini yapo yanayowaondoa wote kwa pamoja, na kubwa ni hili: Waziri Mkuu akijiuzulu, au kiti chake kikawa wazi kwa sababu nyingine yoyote, viti vya mawaziri na manaibu wote vinakuwa wazi papo hapo. Haijalishi nani alikuwa mchapakazi na nani mzembe. Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, lile la mkataba wa umeme wa dharura, Baraza zima lilianguka naye. Rais Kikwete akamteua Mizengo Pinda, Bunge likamthibitisha kwa kura, ndipo likaundwa Baraza jipya. Hata waziri aliyerudishwa wizara ileile alirudi kwa uteuzi mpya na kiapo kipya. Huko ndiko kuvunjika.

Linganisha na Machi 2021. Rais Magufuli alifariki, Makamu wake Samia Suluhu Hassan akaapishwa, na wengi wakadhani serikali yote imekwisha. Haikuwa hivyo. Kassim Majaliwa alibaki Waziri Mkuu bila kurudi Bungeni kuthibitishwa upya, na mawaziri wakabaki maofisini mpaka Rais mpya alipofanya mabadiliko mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mwaka 2008 Rais alikuwepo na Baraza likaanguka, na mwaka 2021 Rais aliondoka na Baraza likasimama. Ajabu kidogo, lakini ndiyo Katiba. Mpango naye katika siku hizohizo alitoka Fedha akawa Makamu wa Rais. Ujumbe wa Baraza hakuupoteza, maana Makamu ni mjumbe kwa cheo chake. Alichopoteza ni ubunge, na Buhigwe wakarudi kwenye uchaguzi mdogo Mei 2021.

Mabadiliko ya kawaida ni kazi ya viti vichache. Rais anafuta uteuzi huu, anahamisha yule, na wale ambao mkeka haukuwataja wanaendelea na mafaili yao bila kuapa tena. Januari 2022 Ndalichako alitoka Elimu akaenda Ofisi ya Waziri Mkuu, Profesa Adolf Mkenda akashika Elimu. Ni panga pangua, wala si zaidi. Rais akitaka anaweza kuwafutia wote uteuzi siku moja, na hapo neno "kuvunja" litakuwa na haki yake.

Kuna aina ya mabadiliko inayotusumbua zaidi huku Kigoma, nayo ni wizara kugawanywa. Agosti 2023 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitenganishwa: Innocent Bashungwa akapewa Ujenzi, Profesa Makame Mbarawa Uchukuzi. Watu wakaendelea kupeleka kilio chote sehemu moja. Barabara kuu ya Kigoma kwenda Nyakanazi iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hiyo ni Ujenzi. Reli, bandari ya Kigoma na meli za ziwani ni Uchukuzi. Barabara ya kijijini haipo kote kuwili, iko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Barua ikikosea mlango hapo inazunguka mezani wiki nzima kabla ya kufika panapohusika.

La mwisho ni manaibu. Ibara ya 55 inasema wazi kuwa Naibu Waziri si mjumbe wa Baraza. Naibu Waziri Mkuu ni habari nyingine: cheo hicho hakimo kwenye Katiba, na Dkt. Doto Biteko alipopewa Agosti 2023 alikuwa mjumbe kwa sababu alikuwa pia Waziri wa Nishati. Kwa hiyo wenzetu wa Tabora wanaohesabu kwamba Hussein Bashe wa Nzega Mjini aliingia Barazani mwaka 2019, alipoteuliwa Naibu Waziri wa Kilimo, wametangulia kidogo. Aliingia Januari 2022, alipokabidhiwa wizara yenyewe.