Uhandisi wa kilimo na usimamizi wa kiufundi: tofauti iko wapi?

Mwanafunzi wa uhandisi wa kilimo huzoea swali moja: "Kumbe unasomea ufundi wa matrekta?" Trekta limo, ni kweli, lakini ni sehemu ndogo tu. Ukiongeza kwamba kuna shahada nyingine jirani yake, ya usimamizi wa kiufundi katika kilimo, ndipo mtu anapotea kabisa. Hata vyuo vyenyewe huchangia utata huu, kwani mara nyingi shahada zote mbili hukaa katika idara moja na wanafunzi hukutana kwenye karakana ileile.

Uhandisi wa kilimo ni matumizi ya fizikia, hisabati na elimu ya viumbe katika kazi za kuzalisha, kuvuna na kuhifadhi mazao. Neno la kuzingatia hapo ni viumbe. Mhandisi wa madaraja hufungua jedwali akasoma uimara wa chuma, akaendelea na kazi. Wa kilimo hana raha hiyo. Udongo uliolimika vizuri jana, leo baada ya mvua unanata kwenye jembe, na gurudumu zito likipita juu yake unashindiliwa hadi mizizi ishindwe kupenya. Nyanya iliyokwisha kuchumwa bado inapumua na kutoa joto ndani ya kreti. Ndiyo maana chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1907, kiliongeza neno "kibayolojia" katika jina lake mwaka 2005.

Usimamizi wa kiufundi unashughulika na mitambo ileile, ila kutoka upande wa pili. Mhandisi huuliza: kifaa hiki kiundweje? Msimamizi huuliza: tuchague kipi, tukitumie lini, nani atakiendesha, kikiharibika katikati ya msimu vipuri vitatoka wapi?

Chukua ukaushaji wa mahindi. Tani moja imetoka shambani ikiwa na unyevu wa asilimia 22, nawe unataka kuishusha hadi 13 ili ihifadhike. Katika kilo 1,000 hizo, kilo 780 ni kitu kikavu, na hizo hazipungui. Unyevu ukifika asilimia 13, uzito wote unakuwa kama kilo 897. Maana yake umetoa takriban kilo 103 za maji kwa kila tani, na maji hayo hayaondoki bila joto na hewa. Mhandisi anakokotoa feni isukume hewa kiasi gani, tabaka la punje liwe nene kiasi gani, joto liishie wapi. Kama mahindi ni ya mbegu, hewa ikizidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, uotaji unaanza kuharibika.

Msimamizi anaanzia hapo. Kikaushio kikiwa kidogo, mahindi yanasubiri kwenye rundo, yanapata joto, yanaota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, haiko mbali. Kikiwa kikubwa mno, kinafanya kazi wiki chache kisha kinakaa bure mwaka mzima, huku uchakavu wake ukihesabiwa na riba ya mkopo ikidai. Jibu halimo kwenye feni. Limo kwenye kasi ya kuvuna, idadi ya malori na siku zilizopo.

Siku zilizopo! Kwangu mimi hilo ndilo somo tamu kuliko yote katika fani hii, na wengi hulipita haraka. Kuna kanuni fupi: upana wa mashine kwa mita, mara mwendo kwa kilomita kwa saa, mara ufanisi, gawanya kwa 10. Unapata hekta kwa saa. Mashine ya kupandia yenye upana wa mita 3, ikienda kilomita 8 kwa saa kwa ufanisi wa asilimia 75, hupanda hekta 1.8 kwa saa. Asilimia 25 iliyopotea imeliwa na kugeuza mwisho wa mstari, kujaza mbegu na kuzibua mirija. Kwa siku ya saa 8 unapata hekta 14.4, hivyo shamba la hekta 200 litachukua siku 14. Lakini kama udongo utakuwa na unyevu unaofaa kwa siku 10 tu? Hapo unaamua: zamu ya pili ya madereva, mashine pana zaidi ambayo huenda ikadai trekta lenye nguvu zaidi, au ukubali kwamba hekta za mwisho zitapandwa kwa kuchelewa na kuvunwa kwa kupungukiwa. Kila chaguo lina bei yake.

Darasani, mpaka kati ya shahada hizi mbili ni hisabati. Uhandisi unadai kalkulasi kwa mihula kadhaa, termodinamika (elimu ya joto na nishati), mekanika ya vimiminika na usanifu wa mashine. Usimamizi hutumia kanuni zilizokwisha kutengenezwa, kisha huongeza uhasibu wa gharama, masoko, usalama kazini na uongozi wa watu. Haidroliki (kuendesha mitambo kwa shinikizo la kimiminika), umeme, umwagiliaji na vifaa vya kuongozwa kwa setilaiti vinasomwa na wote, kwa kina tofauti. Anayedhani upande wa usimamizi ni wa walioshindwa hesabu ajaribu kupanga ratiba ya kuvuna kwa mashine tatu, moja ikiwa mbovu.

Kabla ya kujaza fomu, chunguza jambo moja: nchi nyingi husajili wahandisi kisheria, na shahada ya usimamizi kwa kawaida haikupi sifa ya kusajiliwa. Ukitaka kuwa mtu wa kutia sahihi michoro ya bwawa au ghala, liulize hilo mapema.