Mnyoo huyu hujifunza, lakini nani humtunzia alichojifunza?

Wanafunzi wangu hapa Mbeya wanapoinamia hadubini kwa mara ya kwanza, wengi humcheka Caenorhabditis elegans, kwa kuwa ni mnyoo wa milimita moja tu, mwangavu kiasi kwamba mayai yanaonekana tumboni mwake, anayetambaa juu ya agari (ute mgumu wa kumkuzia maabara) na kuacha mchirizi wa mawimbi. Si jamii ya minyoo fundo wanaovimbisha mizizi ya nyanya mashambani. Huyu hula bakteria kwenye matunda yanayooza. Maabara nyingi humfuga katika nyuzijoto 20, na kwa hilo baridi yetu ya Julai humpunguzia kasi ya kukua. Ana seli za neva 302, na ramani ya miunganiko yake ilichapishwa mwaka 1986.

Ukimshindisha njaa kwa saa moja, kisha ukampa chakula pamoja na harufu ya byutanoni (kemikali inayonukia), baadaye ataifuata harufu hiyo, ila kwa muda wa saa mbili hivi. Ukirudia somo hilo mara saba, ukimpumzisha kati ya somo na somo, ataikumbuka hata baada ya saa 16. Mnyoo aliyeharibiwa jeni iitwayo crh-1 hujifunza kama wenzake, na kumbukumbu yake fupi ni nzima, lakini ile ndefu haijengeki. Jeni hiyo hutengeneza protini ya CREB, ambayo kazi yake ni kuwasha jeni nyingine, nayo imo pia katika nzi, panya na binadamu. Ndiyo maana silipendi neno “jeni ya kumbukumbu”: kujifunza kuna vifaa vyake, na kutunza kuna vyake.

Kwenye chumvi mambo ni tofauti: huko huharibika kujifunza kwenyewe. Mnyoo aliyeachwa na njaa palipo na chumvi hujifunza kuikimbia, lakini mwenye hitilafu katika daf-2, jeni ya kipokezi cha insulini ambayo hitilafu yake humrefushia pia maisha, hushindwa somo hilo.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata kusahau kuna jeni zake. Mwaka 2014 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba minyoo wasio na protini ya Musashi hujifunza kama kawaida, ila huchelewa kusahau, kwa sababu protini hiyo huzuia utengenezaji wa protini za kundi la Arp2/3, ambazo husuka matawi ya nyuzi za aktini, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli umbo.