Gran turismo na gari dogo la michezo: yanayosemwa Malindi na yaliyo kweli

Malindi ni mji ambao Kiitaliano kimekuwa lugha ya sokoni na ya gereji kwa miongo mingi. Mwaka 1967 Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na wengi waliokuja baadaye walijenga nyumba kando ya pwani na kuleta pia mapenzi yao ya magari. Ndiyo maana fundi wa hapa hutamka gran turismo, jina la gari la kifahari la safari ndefu, kwa ulimi mwepesi. Lakini pamoja na mapenzi hayo yameenea maneno mengi yasiyo ya kweli kuhusu tofauti kati ya gari la kifahari la safari ndefu na gari dogo la michezo la milango miwili. Nimeona watu wazima wakiyaamini na kuyalipia kwa fedha nyingi, na ndiyo sababu naona inafaa yanyooshwe moja baada ya jingine.

Linaloongoza kwa kuenea ni kwamba gari dogo la michezo ni mdogo wake gran turismo: kwamba anayenunua dogo amekosa fedha za kununua kubwa, na akizipata atapanda ngazi. Ukweli ni kwamba haya ni magari ya kazi mbili tofauti. Gran turismo ni maneno yenye maana ya safari kubwa, na gari la namna hiyo limekusudiwa kumfikisha mtu mbali, kwa kasi, pamoja na mizigo yake, bila kumchosha. Gari dogo la michezo limekusudiwa njia yenyewe, yaani kona, breki na mawasiliano kati ya mikono ya dereva na barabara, hata kama safari ni ya kilomita 20 tu. Tuna mfano mzuri wa jozi hii. Maserati GranTurismo ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2019, na Alfa Romeo 4C, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2013, zote mbili ziliunganishwa katika kiwanda kimoja mjini Modena. Waliolitengeneza dogo hawakukosa ujuzi wala mali ya kutengeneza kubwa, maana kubwa lilikuwa likitoka pale pale.

Wala si kweli kwamba gran turismo lazima liwe na injini kubwa. Mwaka 1951 kampuni ya Lancia ya Torino ilitoa Aurelia B20 GT, gari linalohesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa mababu wa aina hii, likiwa na injini ya silinda 6 ambayo ujazo wake haukufika lita 2. Mwaka huohuo lilishiriki Mille Miglia, mbio za barabarani za kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, likamaliza la pili nyuma ya Ferrari iliyokuwa na injini ya zaidi ya lita 4. Gari la starehe lilishindana na magari ya mashindano na likayaacha mengi nyuma.

Dhana nyingine ndiyo inayozua ubishi mkali zaidi barazani, kwamba mwenye nguvu farasi nyingi ndiye mwenye kasi. Tuchukue takwimu za magari yale yale mawili. Maserati GranTurismo ya mwanzo ina injini ya V8, yaani ya silinda 8, ya lita 4.2 yenye nguvu farasi 405. Alfa Romeo 4C ina injini ya silinda 4, yenye turbo (pampu inayoisukumia injini hewa zaidi), ya ujazo wa lita 1.7 na nguvu farasi 240. Msikilizaji akiishia hapo, hukumu imekwisha kutolewa. Lakini Maserati ina uzito wa kilo 1,880, ilhali Alfa, ikipimwa kavu bila mafuta wala maji, ina kilo 895. Ukigawanya nguvu kwa uzito, kila tani ya Maserati inasukumwa na nguvu farasi 215 hivi, na kila tani ya Alfa inasukumwa na takriban 268. Hata ukiijaza Alfa mafuta na vimiminika vyote hadi ikaribie tani moja nzima, bado inatangulia. Matokeo yake ni kwamba dogo hufikia kilomita 100 kwa saa kutoka kusimama kwa sekunde 4.5, na kubwa hutumia sekunde 5.2.

Mambo hugeuka yakifika kwenye kasi ya juu kabisa, ambako Maserati hufika kilomita 285 kwa saa na Alfa hukoma kwenye 258. Sababu ni kwamba gari linapoanza kuondoka linapambana na uzito wake, lakini likishakwenda kasi sana linapambana na upepo, na upepo hauulizi uzito bali huuliza nguvu na umbo. Kwa hiyo wabishani wawili wanaweza kuwa sahihi kwa pamoja, mmoja akizungumzia mwanzo wa mwendo na mwingine akizungumzia mwisho wake. Kwa mtu wa Malindi, mwisho huo hauna matumizi, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu zaidi ya kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara kuu iliyo bora, na ndani ya mji ni 50.

Katika breki kuna kosa la upande wa pili. Wapenzi wa magari madogo husema kwamba gari jepesi husimama mapema daima. Kwa breki moja ya ghafla, jambo hilo si la hakika, kwa sababu kinachosimamisha gari ni mshiko wa matairi juu ya lami, na gari zito hupewa matairi mapana na diski kubwa ili lijitosheleze. Tofauti hujitokeza katika kurudia. Gari lenye uzito unaokaribia mara mbili lina nishati inayokaribia mara mbili kwa kasi ileile, na nishati yote hiyo hugeuka joto kwenye diski na pedi. Katika breki ya kwanza magari yatakuwa sawa, ya tano pengine sawa, lakini katika mteremko mrefu wenye kona nyingi gari zito ndilo litakaloanza kutoa harufu.

Kuhusu starehe, wengi huamini kwamba gari la kifahari ni laini popote na dogo ni gumu popote. Niliwahi kwenda Mombasa na kurudi, kilomita 240 hivi, katika gari dogo la michezo ambalo usukani wake haukuwa na pawa (mtambo wa kumsaidia dereva kuugeuza), kama ulivyo ule wa 4C. Wakati wa kuliegesha nililazimika kuuvuta usukani kwa mabega. Baada ya kutoka Malindi ukawa mwepesi, na kufikia Gede nilikuwa nikihisi kila kiraka cha lami katika viganja, kimoja kimoja, kama mtu anayepapasa mkeka gizani. Ilikuwa raha ambayo sijaipata katika gari jingine. Lakini nilipovuka daraja la Kilifi wakati wa kurudi, masikio yalikuwa yakivuma kwa kelele za matairi, na nilipofika nyumbani nilikaa garini kwa muda kabla ya kushuka. Safari ileile katika gran turismo huacha nguvu za kutosha kwenda kuswali na kula na familia. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli, na haipimwi kwa ulaini wa kiti pekee. Ipo katika ukimya na katika uzito unaotuliza mawimbi ya barabara, na hapo jahazi humshinda ngalawa. Hata hivyo, gran turismo la siku hizi huvalishwa rimu kubwa na matairi yenye ukuta mfupi, na tairi la namna hiyo likiingia kwenye shimo lenye kingo kali huumia upesi kuliko tairi la gari la kawaida. Ulaini wake ni wa barabara nzuri.

Sasa nije kwenye matuta, maana katika mji wetu hakuna jambo linaloamua maisha ya gari la chini kuliko matuta. Inasemwa kwamba gari kubwa litayapita na dogo litakwama. Siku moja nilimkuta fundi mmoja, mtu wa makamo, amepiga magoti kando ya gran turismo lililokwaruzwa tumboni. Mwenye gari alikuwa akimlaumu kijana aliyeliendesha, kwa sababu gari la michezo la rafiki yake, lililo chini kiasi kilekile, hulipita tuta hilo kila siku. Fundi hakubishana naye. Alichukua ubao ulionyooka, akauingiza chini ya gari katikati ya magurudumu, akasimamisha kiganja juu ya ubao, na vidole vikagusa bati. “Bwana mkubwa, tazama hapa,” alisema. “Pua imepita salama. Tumbo ndilo lililokaa juu ya tuta.” Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika Maserati GranTurismo ni milimita 2,942, na katika Alfa 4C ni 2,380, tofauti inayozidi nusu mita. Magari mawili yakiwa na nafasi ileile kutoka chini, lenye ekseli zilizoachana zaidi ndilo litakalogusa tuta kwa tumbo, na dogo huwa hatarini zaidi kwenye bampa ya mbele. Dawa nayo si moja. Anayehofia pua hukata tuta kwa pembe, gurudumu moja moja, na anayehofia tumbo hupunguza abiria na mizigo kabla ya kufika.

Mizigo yenyewe ina kisa chake. Watu hudhani kwamba gari la safari ndefu lazima libebe zaidi. Bentley Continental GT iliyotoka mwaka 2018, gari lenye injini ya silinda 12 na uzito unaozidi tani 2.2, ina buti la lita 358. Porsche 718 Cayman, iliyokuja mwaka 2016, haifiki tani moja na nusu, lakini kwa kuwa injini yake iko katikati, nyuma ya viti, ina sehemu mbili za mizigo. Ya mbele chini ya boneti ni lita 150, na ya nyuma ni lita 275, ambazo kwa jumla hulipita buti la Bentley. Hazipokei sanduku moja kubwa, ila mifuko laini huingia vizuri. Upande wa viti, Cayman haina viti vya nyuma kabisa, na magari mengi ya kifahari yenye viti vinne huwa na viti viwili vya nyuma vinavyowafaa watoto tu. Maserati niliyoitaja ni miongoni mwa machache yanayomketisha mtu mzima nyuma bila kumkunja.

Mafuta nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa hesabu inajieleza. Maserati ina tangi la lita 86 na kwa vipimo rasmi hutumia lita 14.3 kwa kila kilomita 100. Alfa ina tangi la lita 40 na hutumia lita 6.8. Ukigawanya, yote mawili hufika karibu kilomita 600 kwa tangi moja, ambao ni umbali wa hapa hadi Nairobi kwa njia ya Mombasa. Katika joto letu, kiyoyozi kikiwa wazi, yote mawili yatapungukiwa. Dhana kwamba gari la safari ndefu ndilo pekee linalofika mbali bila kujaza haina msingi, ila anayejaza lita 86 atalipa zaidi ya mara mbili.

Dhana ya mwisho ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inaharibu magari mazuri. Inasemwa kwamba gari dogo la kisasa, lililotengenezwa kwa karboni na alumini, halipati kutu, kwa hiyo upepo wa bahari haulidhuru kama unavyolidhuru gari kubwa la chuma. Kiunzi cha katikati cha Alfa 4C kweli kimefumwa kwa nyuzi za karboni, nacho kina uzito wa kilo 65 tu, na karboni haishiki kutu. Lakini vipande vilivyofungwa mbele na nyuma yake ni vya alumini. Karboni na alumini zikigusana mahali penye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Watengenezaji hutenganisha viungo hivyo ili visigusane. Fundi akifungua na kufunga tena bila kurudisha kitenganishi, ulaji huanza kimyakimya, na hautaonekana kwa rangi nyekundu tuliyoizoea bali kwa unga mweupe kuzunguka bolti. Ikitokea ajali, karboni haigongwi nyundo wala haijazwi puti. Gari la chuma lililopondeka mlangoni linaweza kunyooshwa hapa mjini, lakini kiunzi cha karboni kilichopasuka hudai mtaalamu na vifaa ambavyo gereji ya kawaida haina. Udogo wa gari haupunguzi gharama hiyo, na injini iliyofichwa katikati huongeza saa za kazi hata kwa matengenezo madogo.

Kwa magari yote mawili, adui wa karibu zaidi ni maji ya kuoshea. Visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya magadi, na anayeosha gari kwa maji hayo anaongeza chumvi juu ya chumvi. Fundi ninayemwamini huchota maji kwa kiganja na kuonja tone kwa ncha ya ulimi kabla hajalowesha kitambaa. Yakiwa baridi mdomoni, yaani bila chumvi, huyatumia, na huanza chini, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye viungo vya alumini, ndipo apande juu. Akimaliza huliacha gari wazi kivulini hadi likauke kila pembe, kwa kuwa turubai likifunika gari lenye unyevu huzuia chumvi ndani usiku kucha.