Kutu ya shina la ngano: Ulaya hulala, kwetu hailali

Pitisha kidole kwenye shina la ngano lenye madoa marefu ya rangi ya matofali. Kikitoka na unga wa rangi hiyohiyo, hiyo ni kutu ya shina, na unga wenyewe ni spora, yaani chembe za kuzaliana, za kuvu iitwayo Puccinia graminis. Spora ikitua kwenye shina lililolowa umande, huota usiku huohuo. Baada ya wiki moja hadi mbili doa jipya hupasuka na kumwaga unga wake.

Ulaya na Amerika Kaskazini, kuvu hii hubanwa na baridi. Ngano inapokaribia kukauka madoa hugeuka meusi: hizo ni spora za ngozi nene, ambazo hulala kwenye mabua hadi baridi ipite. Zikiamka hutoa spora ndogo, dhaifu, ambazo, ajabu yake, haziwezi kabisa kuambukiza ngano. Lazima zipate kichaka cha miiba cha jamii ya Berberis. Juu ya jani lake kuvu hutoa matone matamu. Wadudu wanaoyafuata hubeba chembe za uzazi kutoka doa hadi doa, na hapo ndipo aina mpya za kuvu huzaliwa kwa kuchanganyika. Chini ya jani huchomoza vikombe vya rangi ya chungwa, na spora zake hurudi kwenye ngano. Mtaalamu wa kuvu Mjerumani, Anton de Bary, alithibitisha safari hiyo mwaka 1865. Kuanzia 1918 Marekani iling'oa vichaka hivyo kwa mamilioni.

Nyanda zetu za juu hazina baridi ya namna hiyo. Narok, Njoro, Uasin Gishu na miteremko ya Mlima Kenya hazipandi wakati mmoja, hivyo spora nyekundu hazikosi ngano mbichi mahali fulani, na upepo huzifikisha. Ug99, aina ya kutu hii iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 baada ya kuvunja kinga ambayo jeni Sr31 huipa ngano, ilikuwa imeshafika Iran mwaka 2007.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaochoma mabua wakidhani wanachoma ugonjwa. Spora nyekundu hulelewa na mmea ulio hai: ngano maotea iliyojiotea mitaroni, kando ya barabara na pale magunia yalipopakiwa. Hiyo ndiyo ya kung'oa, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Dawa ya kuvu husaidia ikipigwa mapema. Shina likishajaa madoa, punje zitasinyaa tu. Na ukinunua mbegu, uliza aina hiyo ilipimwa lini dhidi ya kutu ya shina, maana iliyohimili miaka 10 iliyopita huenda imeshashindwa.