Eti muvi ya mauaji bila damu inaficha ukweli?

Kila Aprili mjadala wa muvi za mauaji ya kimbari ya Rwanda unarudi na maneno ni yaleyale, leo ngoja nami niseme.

La kwanza, eti bila damu muvi inadanganya. Hotel Rwanda ya 2004 mapanga yenyewe huyaoni sana, ila kuna ile sehemu alfajiri ukungu umetanda, gari inarukaruka, wanadhani wametoka nje ya barabara, jamaa anashuka kumbe wanakanyaga maiti. Hakuna kelele wala mtu anayekatwa na bado usiku usingizi hauji. Ukimwonyesha mtu anavyokatwa mpaka mwisho, watazamaji wanakodolea kidonda wanamsahau mwenye kidonda, na huyo ana ndugu, wapo, wana simu kama wewe.

Wengine nao wanasema kuandika ukatili ni kuushabikia. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, si ilipigwa marufuku mashuleni kwa mawazo hayohayo, baadaye wanafunzi wakaja kuisoma darasani. Zakaria anavyompiga bintiye kisa barua ya mvulana, nani alimaliza hapo akatamani kuwa Zakaria?

Halafu hili ndo linanikera, eti ukishapiga picha palepale yalipotokea tena ukiwa na manusura basi umetenda haki. Shooting Dogs ya 2005, nayo ya mauaji hayohayo, ilipigwa picha ETO kweli, Kigali, ile shule ambayo askari wa UN kutoka Ubelgiji waliondoka tarehe 11 Aprili 1994 wakawaacha watu zaidi ya 2,000, wengi wakauawa. Manusura walifanya kazi humo. Sawa. Lakini wanaobeba hadithi ni Wazungu wawili, padri na mwalimu kijana, na huyo padri ametokana na Vjekoslav Ćurić, Mfransisko wa Bosnia, kwenye muvi kawa Mwingereza! Sasa hapo nani alikuwa anaogopa kwamba watazamaji wa kwao hawatamwelewa Mnyarwanda akiwa katikati?

Ila mwisho wake siusahau. Majina yanapita, unaziona sura za waliofanya kazi nyuma ya kamera, na chini imeandikwa huyu amepoteza nani na yule nani. Siku tuliyoangalia, mshkaji alikuwa ameshachukua rimoti azime, nikamwambia acha kwanza, hiyo ndo muvi yenyewe.