Je, wajua kwa nini kondo la nyuma la ng'ombe hukwama?

Ng'ombe akizaa, kondo la nyuma hutoka ndani ya saa 12, mara nyingi mapema zaidi. Likipitisha saa 24, limekwama. Maelezo yanayosikika zizini ni kwamba mfuko wa uzazi umechoka kusukuma. Basi mmoja atalivuta kwa mkono, mwingine atalifungia jiwe, wa tatu atataka sindano ya oksitosini ili mfuko ubane zaidi. Lakini mifuko ya ng'ombe wa namna hii ilipopimwa, mingi ilikuwa ikibana kama kawaida, mingine hata zaidi. Ndiyo maana oksitosini haina faida ya kutegemewa hapa. Nguvu ipo, kondo ndilo halijabanduka.

Limeshikwa kwenye vifundo kati ya 75 na 120 hivi. Katika kila kifundo, vinyweleo vya upande wa ndama vimezama ndani ya vishimo vya upande wa mama. Ng'oa mchicha kwenye tuta kavu: shina linakatika, mizizi inabaki. Mwagilia kwanza, na unatoka mzima kwa vidole viwili. Homoni ndizo zinazomwagilia, tena siku kadhaa kabla ya uchungu, na anayefungua maji ni ndama mwenyewe. Tezi zilizo juu ya figo zake hutoa kortisoli, nayo hulifanya kondo ligeuze projesteroni, homoni inayotunza mimba, kuwa homoni nyingine, estrojeni; ndipo homoni ya prostaglandini nayo hupanda. Projesteroni ikishuka, vimeng'enya huyeyusha kolajeni, protini iliyoshika vifundo. Mimba ikitoka kabla ya wakati, wakizaliwa mapacha, au uchungu ukianzishwa kwa dawa ya deksamethasoni, mara nyingi ndama hutoka tuta likiwa bado kavu.

Seli nyeupe za damu ya mama nazo hushiriki, kwa kulishambulia kondo kama kitu kigeni. Utafiti wa Uholanzi wa 1991 uliona kwamba ndama mwenye alama za kinga zinazolingana na za mama yake huongeza hatari ya kukwama. Kufanana na mama kuna gharama yake! Hata hivyo huo ni uwiano tu, wala hauelezi kila kisa. Madini ya seleniamu na vitamini E husaidia pale lishe inapopungukiwa navyo kweli.

Usivute: vinyweleo vitakatikia ndani na mfuko utajeruhiwa. Kata sehemu inayoburuzika, kisha pima joto kila siku kwa siku 10. Likizidi nyuzi 39.5, au ng'ombe akiacha kula, mwite daktari wa mifugo. Asipougua, kondo hulegea lenyewe kwa kuoza, kwa kawaida ndani ya siku 4 hadi 10. Usilishike bila glavu, hasa mimba ikiwa imetoka mapema: huenda ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia.