Kuandika data mara mbili: dhana potofu zinazofuta vipimo vya kweli

Dhana: Hifadhidata ya vipimo vya wakati (inayohifadhi thamani pamoja na wakati ilipopimwa) hukataa yenyewe rekodi iliyokwisha kuingia.

Ukweli: Si zote. InfluxDB, mojawapo ya hifadhidata hizo, haikatai. Yenyewe huitambua rekodi kwa jina la kipimo, lebo zake (kama namba ya mita) na muhuri wa wakati. Hivyo vitatu vikilingana, kwake ni rekodi ileile. Hapa kipimo ni maji, lebo ni mita=A12, na namba ndefu ni muhuri kwa nanosekunde:

maji,mita=A12 lita=480 1700000000000000000
maji,mita=A12 lita=0 1700000000000000000

Mstari wa pili ukishapokelewa, 480 haipo tena, na aliyetuma hapati ujumbe wowote wa kosa. Mita iliyozimika na kuwaka ikituma sifuri yenye muhuri uleule, ripoti itaonyesha sifuri na kila mtu ataiamini. Kwangu mimi hasara ya kimya namna hii ni mbaya kuliko programu kugoma kabisa. Lakini mstari wa pili ungebeba lita_sahihi=478 badala ya lita, thamani zote mbili zingebaki, maana sehemu (kama lita) zenye majina tofauti huunganishwa. Kwa hiyo masahihisho yapewe jina lake.

Dhana: Muhuri una nanosekunde, mgongano hauwezekani.

Ukweli: Vifaa vingi huhesabu kwa sekunde, kisha tarakimu zilizobaki hujazwa sifuri. Ukisahau lebo ya mita, mita zote zinazotuma saa sita kamili zitafutana. Weka lebo inayotofautisha chanzo. Usiweke namba mpya kwa kila usomaji, kwa sababu kila lebo mpya huzaa mfululizo mpya na kumbukumbu ya seva huweza kuelemewa.

Dhana: Kuondoa marudio ni sawa na kulinda thamani ya kwanza.

Ukweli: Mara nyingi ni kinyume chake. QuestDB, hifadhidata nyingine ya aina hii, ukiiwashia DEDUP (kuondoa marudio) hubakiza iliyokuja mwisho. ReplacingMergeTree, aina ya jedwali katika hifadhidata ya ClickHouse, nayo huondoa marudio baadaye, wakati wa kuunganisha vipande vya data. Kabla ya hapo hoja ya kawaida (ombi la kusoma data) inaweza kukuletea rekodi zote mbili.

Dhana: Nikisoma kwanza kama thamani ipo, ndipo niandike, niko salama.

Ukweli: Programu mbili zinaweza kusoma kwa pamoja, zote zikakuta patupu, zote zikaandika. Kinga iwekwe ndani ya hifadhidata. Kwenye TimescaleDB, tengeneza faharasa ya kipekee (isiyoruhusu marudio) inayojumuisha safu ya wakati, kisha andika kwa ON CONFLICT DO NOTHING, yaani rekodi ikigongana na iliyopo, isiandikwe. RedisTimeSeries ina DUPLICATE_POLICY (kanuni ya marudio): BLOCK, ambayo ndiyo chaguo-msingi, hurudisha kosa, FIRST huacha ya zamani na kupuuza mpya, LAST huifuta ya zamani. Mimi nachagua BLOCK data ikihusu bili au afya, kwa kuwa anayetuma lazima ajue kwamba kipimo chake kimekataliwa. FIRST inafaa pale ambapo kifaa hutuma tena ujumbe uleule baada ya mtandao kukatika.